Dhahabu ya Kilwa

Mji wa Lisbon hauwi mgeni kabisa kwa mtu wa pwani yetu, hata kama hajapata kuutia mguu. Huwekewa chakula mezani, akajifuta kwa leso, akanywa kwa kopo, akaegemeza kichwa kwenye foronya, akacheza karata barazani, akasimama bendera inapopandishwa. Na maneno hayo yote yalikuja na watu waliong'oa nanga katika mto wa mji huo. Hata gereza, wataalamu wa lugha wanatwambia, limetokana na jina lao la kanisa. Neno lilitoka kwao likiwa nyumba ya ibada, likafika kwetu likawa nyumba ya kufungia watu. Mfasiri akilitafakari neno hilo moja tu, ana kazi ya kutwa nzima.

Tulikwenda watu watatu, mwezi wa Oktoba 2022, kila mmoja na shanta lake mgongoni. Wa kwanza ni mshairi wa Mombasa, aliyezaliwa hatua chache kutoka Ngome. Wa pili ni mwalimu wa historia wa Unguja, aliyekwisha kustaafu. Wa tatu ni mimi. Tulipanga katika nyumba ya wasafiri mtaa wa Mouraria, chumba kimoja chenye vitanda sita vya kupandiana, pamoja na vijana wa umri wa watoto wetu, ambao kila alfajiri walitutazama tukitafuta kibla kwa dira ya simu. Mtaa huo ndio waliotengewa Waislamu baada ya mji kutekwa na Wakristo mwaka 1147, na jina lake mpaka leo linawataja Wamoro. Jirani yake ni Alfama, jina la Kiarabu lenye maana ya chemchemi ya maji moto. Mwalimu alifurahi sana. Alisema, "Bwana wee, hawa nao walipigwa chapa na lugha za watu, kama sisi."

Sababu ya safari ilikuwa yangu. Kwa miaka kadhaa nimekuwa nikijifundisha Kireno mwenyewe, kwa kamusi na redio, ili niweze kumsoma Luís de Camões katika lugha yake. Utenzi wake mkuu, Os Lusíadas, uliochapishwa mwaka 1572, una sehemu kumi, nasi tumo ndani yake. Katika sehemu ya kwanza na ya pili, merikebu za Vasco da Gama zinapita Msumbiji, zinafika Mombasa, kisha Malindi. Watu wa Mombasa wanatajwa kuwa ni wenye hila wanaotaka kuwaangamiza wageni bandarini. Mfalme wa Malindi ndiye mwema, na sehemu tatu nzima zinazofuata ni masimulizi ambayo da Gama anamhadithia mfalme huyo. Haya ni mambo ya ajabu. Mshairi wa taifa la Ureno, alipotaka kueleza historia yote ya nchi yake, alimtafutia msikilizaji, na msikilizaji aliyemchagua ni Mswahili. Camões mwenyewe aliijua pwani hii; kabla ya kurejea kwao alikaa kisiwani Msumbiji akiwa fukara, akilishwa na marafiki.

Mshororo wake, ukihesabiwa kwa silabi zote, aghalabu hufika kumi na moja, na mizani hiyo sisi tunayo katika kisarambe. Ubeti una mishororo minane: sita ya mwanzo inapokezana vina viwili, na miwili ya mwisho ina kina chake peke yake. Nilipoona kwamba yawezekana kuingia katika Kiswahili bila ya kuvunjika mbavu, nilianza kufasiri.

Siku ya Alhamisi tulitembea kwa miguu kando ya mto Tejo mpaka Belém, mwendo wa karibu kilomita saba, kuizuru nyumba ya watawa ya Jerónimos. Ujenzi wake ulianza mapema katika karne ya 16, na sehemu ya gharama ilitoka katika ushuru wa biashara ya Afrika na Mashariki. Ukiingia kanisani, kuna makaburi mawili ya mawe, moja upande huu na moja upande huu: Vasco da Gama na Camões, baharia na mshairi wake. La baharia limechongwa merikebu; la mshairi limechongwa kinubi. Wapo wanaotia shaka kama mifupa iliyomo ni ya mshairi kweli, kwa kuwa kanisa alimozikwa mwanzo liliharibiwa na tetemeko la ardhi la mwaka 1755.

Rafiki yangu wa Mombasa hakuingia. Alishusha shanta lake nje, akaketi bustanini. "Mimi sitosimama mbele ya kaburi la mtu huyo," alisema. "Nanyi mkitoka, msinisimulie."

Nilipotoka nilimkuta ana neno, na alilisema pole pole, kama asemavyo anapokuwa na hasira. "Sheikh wangu, mji wangu ulichomwa moto na Almeida mwaka 1505. Ulichomwa tena alipokuja Nuno da Cunha mwaka 1528. Kisha wakatujengea Ngome kuanzia mwaka 1593. Huyo mshairi wako anasema wenye hila ni sisi. Aseme, kasema kwa Kireno, na Wareno ndio waliomsikia. Lakini wewe unataka kumtia Kiswahili kizuri, kwa vina na mizani. Na jambo likishakuwa na vina na mizani kwetu, watoto hulihifadhi. Utawahifadhisha watoto wa Mombasa matusi ya wazee wao."

Nilimjibu kwamba tusi ambalo mtu halifahamu hawezi kulijibu. Kwamba dunia nzima imelisoma jambo hili miaka mia nne na zaidi, na tusiolisoma ni sisi tunaotajwa. Hakukubali, nami sikukubali. Tumejuana miaka thelathini, na siku hiyo tulirudi mjini tumefuatana kwa mstari mmoja, Mwalimu katikati, hakuna aliyemsemesha mwenziwe.

Ijumaa tulisali katika Msikiti Mkuu wa Lisbon, uliofunguliwa mwaka 1985. Waislamu wengi wa mji huo wana asili ya Msumbiji, waliohamia baada ya nchi hiyo kupata uhuru mwaka 1975. Tulipokuwa tukivaa viatu, mzee mmoja alitusikia tukizungumza akatusogelea. Alikuwa mtu wa kisiwa cha Ibo, na lugha ya mama yake ni Kimwani, ambayo ni dugu ya Kiswahili. Yeye kwa Kimwani chake na sisi kwa Kiswahili chetu, na Kireno pale tulipokwama, tulifahamiana. Alipoulizwa juu ya Camões alicheka, akafumba macho, akatoa beti za Mombasa kwa moyo, moja baada ya moja. Alifunzwa shuleni zama za ukoloni, na kila alipokosea neno alichapwa kiganjani. Kisha akasema, "Nilihifadhi kuwa Mombasa ni mji wa makhaini kabla sijajua kwamba Mombasa kuna watu wanaoswali kama mimi."

Rafiki yangu alinitazama. Sikuwa na la kusema, maana hoja yake ilikuwa imesimama mbele yetu na kofia yake kichwani. Lakini mzee aliendelea: "Lau tungelikuwa nalo la kujibu, tungelijibu. Hatukuwa na kitu. Tulikuwa na hilo peke yake."

Jumamosi Mwalimu alitupeleka Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kale. Alikuwa na kitu chake alichokitaka, nacho ni chombo cha dhahabu cha ibada ya Kikatoliki kiitwacho custódia, kirefu kiasi cha sentimita 73, kazi ya sonara Gil Vicente, ambaye wengi wanaamini ndiye yule yule mtunzi mkubwa wa tamthilia. Kilimalizika mwaka 1506. Mitume kumi na wawili wamepiga magoti kwa duara, kila mmoja na sura yake, mdogo kiasi cha kidole, na juu yao nguzo nyembamba zilizotiwa rangi za vioo. Dhahabu yake ni ya Kilwa. Vasco da Gama, alipokuja mara ya pili mwaka 1502, alimtisha mtawala wa Kilwa kwa mizinga akamtoza kodi. Mfalme Manuel akaamuru dhahabu hiyo ifanywe chombo cha Jerónimos. Habari hiyo haikufichwa. Imeandikwa kwenye kitako cha chombo chenyewe, na jina la Kilwa limo.

Tulisimama muda mrefu. Rafiki yangu ndiye aliyevunja ukimya: "Hii yetu."

"Yetu ya nani?" Mwalimu akamuuliza. "Dhahabu haikuchimbwa Kilwa. Ilitoka bara, nyuma ya Sofala, na Kilwa ikitajirika kwa ushuru wake. Wachimbaji wakija hapa, nao watasema hii yetu. Na huenda wakatwambia sisi pia."

Nilitazama yale maandishi kwenye kitako. Chombo ni kizuri mno, na uzuri wake unamsahaulisha mtu mizinga. Hilo ndilo alilohofia rafiki yangu juu ya tafsiri. Lakini anayeinama kusoma huona Kilwa, na kama herufi zile zisingekuwapo, sisi watatu tusingekuwa na la kudai. Wote wawili, sonara na mshairi, waliifanya kazi ya mfalme, na wote wawili waliacha majina yetu ndani ya kazi ile.

Suluhu ilipatikana usiku ule, juu ya mkate na dagaa, katika mgahawa wa mtaani. Kwetu shairi haliachiwi likae peke yake. Washairi wa Mombasa na wa Lamu walijibizana kwa beti hata wakati wa vita, na aliyetupiwa ubeti alirudisha ubeti. Rafiki yangu alitoa sharti: nifasiri beti za Mombasa zote, bila ya kulainisha neno hata moja, naye atajibu ubeti kwa ubeti, kwa mizani ile ile na vina vile vile, tafsiri ichapishwe ukurasa wa kushoto na jibu ukurasa wa kulia. "Mtoto atakayehifadhi," alisema, "na ahifadhi yote mawili."

Tangu hapo anazirejesha rasimu zangu kila anapoona nimemwonea haya. Neno la Kireno likiwa kali nami nikaweka la Kiswahili lililo pole, huniandikia pembeni: kaza. Kazi inakwenda taratibu, kwa sababu hiyo zaidi ya nyingine yoyote.