Leni Kumi na Mbili

Ufundi nilijifunzia Mombasa, kwenye gereji za Shimanzi, na ndio ulionipa kazi katika mji mdogo wa Ohio, kwenye ukumbi wa bolingi wenye leni kumi na mbili. Mwenye ukumbi, mama mmoja aliyeachiwa biashara na marehemu mumewe, hakuniuliza kama nimewahi kushika tufe. Alinipeleka nyuma, kule wachezaji wasikofika, akanionyesha mashine zake za kupanga pini: Brunswick A-2, za miaka ya 1960.

Mashine ile naisifu mpaka leo. Pini zikishaanguka, mkanda huzisukuma hadi kwenye gurudumu kubwa linalozipandisha juu, zikajaa kwenye mifuko kumi, kisha meza ikashuka na kuzisimamisha upya. Tufe nalo hurushwa kurudi kwa mchezaji kwa njia ya chini. Kazi yote hiyo hufanywa na mota, gia na mikanda. Lakini pini moja ina kama kilo moja na nusu, tufe linaweza kupita kilo saba, na vyuma vya mashine hupigwa navyo usiku kucha. Pini ikikwama, fundi huzima umeme kwanza, ndipo aingize mkono. Hilo nimelisisitiza kwa kila niliyemfundisha, na sitaki kusikia udhuru.

Hesabu ya biashara hii nilifunzwa na yule mama jioni, tukifunga kaunta. Umeme, bima, kodi, kupasha ukumbi joto wakati wa theluji: vyote hulipwa hata asipoingia mtu. Mchezaji mmoja zaidi hamwongezei mwenye ukumbi gharama ya maana, ila leni iliyokaa tupu usiku wa leo haiwezi kuuzwa kesho. Viatu vya kukodi huleta faida nzuri kwa kuwa jozi moja huvaliwa na watu wengi mno kabla ya kuchakaa. Hata hivyo, kinachobeba ukumbi ni ligi. Kuanzia Septemba hadi majira ya kuchipua, timu zilezile huja siku ileile ya wiki, watu wanne kila leni, michezo mitatu, na katikati wanakula na kunywa.

Robert Putnam, profesa wa Harvard aliyekulia Port Clinton, huku huku Ohio, aliandika juu ya jambo hili katika kitabu chake Bowling Alone cha mwaka 2000. Kati ya 1980 na 1993 wachezaji wa bolingi Marekani waliongezeka kwa asilimia 10, lakini wale wa ligi walipungua kwa asilimia 40. Alieleza pia kwamba mtu wa ligi hutumia bia na pizza mara tatu ya anayekuja peke yake. Sisi tuliuona ukweli huo jikoni. Mama mmoja Mkongomani kutoka Uvira, aliyekuwa mpishi wetu, kila alasiri alinipigia kelele kwa Kiswahili chake: “Kaka, leo timu ni ngapi?” Kwa jibu langu alijua akande unga kiasi gani.

Mchana wa siku za kazi tulikuwa wawili tu. Wa kaunta alipokea pesa, akatoa viatu, akajibu simu, akawazuia watoto wasikanyage leni iliyopakwa mafuta. Mimi nilipaka mafuta hayo kwa mashine yake, nikafagia, nikarekebisha. Usiku wa ligi tulihitaji watano, na Jumamosi ya sherehe za watoto hata watano hawakutosha. Kumbi nyingi zina desturi ya kumrudisha mfanyakazi nyumbani mapema wateja wakiwa haba, naye hulipwa kwa saa. Naipinga desturi hiyo kwa moyo wote. Mtu asiyejua wiki hii atapata saa ngapi hutafuta kazi kwingine, na anayechukua nafasi yake huwa hajui hata majina ya manahodha wa timu. Mwenye ukumbi wetu alipanga zamu za wiki mbili na hakuzikata. Ndiyo maana wahudumu wake walikaa.

Kisha zikaja mashine za kamba, ambazo pini zake zimefungwa juu na huvutwa kama vikaragosi. Zinakula umeme kidogo, vipuri ni vichache, na hazihitaji fundi wa kusimama nyuma usiku kucha. Mwaka 2023 USBC, chama cha bolingi cha Marekani, kiliukubali mchezo wa pini za kamba, ingawa kwa kundi lake pekee. Mama akaniomba ushauri kama azinunue, akijua fika kwamba ananiuliza juu ya mshahara wangu. Nikamwambia awaulize manahodha. Wakamjibu kwamba pini ya kamba haianguki kama pini huru, na kwamba akizinunua watahamia ukumbi mwingine.

Akapiga hesabu ya umeme na mafundi, akailinganisha na ya ligi zake nne, akabaki na A-2 zake. Ukumbi mmoja wa jirani ulipozing'oa A-2 zake, alizinunua kwa ajili ya vipuri, tukazipanga ghalani. Halafu akaajiri kijana wa kujifunza kwangu, akampa zamu kamili, kila usiku wa ligi.