Pizza ya Kupalia

Mwandishi wa makala haya aliungua mkono akiwa na umri wa miaka saba, kwa kuiba mkate uliobandikwa ndani ya tanuri la jirani.

Ilikuwa Garissa, mwanzoni mwa miaka ya 1990, kwenye nyumba za watumishi wa serikali zisizo mbali na daraja la Mto Tana. Jirani mwenyewe alikuwa bibi wa Kisomali ambaye watoto wote wa mtaa, wawe Wasomali, Wamunyoyaya au wana wa watumishi waliohamishiwa huko, walimwita Ayeeyo, yaani nyanya. Uani kwake palikuwa na tinaar, tanuri la udongo lenye umbo la mtungi mkubwa, mdomo ukitazama juu. Alfajiri aliwasha kuni ndani yake mpaka kuta zikashika joto, akangoja mwali ufe yabaki makaa. Kisha alilowesha kiganja, akachota donge la unga wa mahindi uliolala usiku kucha ukachacha, akalibandika ukutani kwa pigo moja. Halikuanguka. Hiyo ndiyo muufo, na ndiyo iliyomponza mtoto wa watu.

Mama yake mwandishi ni mtu wa Lamu. Siku ya kwanza alipoletewa muufo kwenye sahani, aliigeuza, akaigonga chini kwa ukucha, akacheka. "Kumbe hii ni mofa yetu!" Hakukosea. Mkate wa mofa unajulikana pwani: mdogo, wa duara, wa mtama au mahindi, wa kuokwa tanurini. Mofa na muufo ni jina moja kwa ndimi mbili, na tanuri na tinaar yote mawili yametokana na neno la Kiarabu, tannur. Tangu siku hiyo wale akina mama wawili wakawa wakipelekeana sahani juu ya ua, na sahani haikurudi tupu.

Mkate bapa na tanuri lenye moto mkali: kwa vitu hivyo viwili Garissa ilikuwa imeshafika nusu ya njia ya kwenda Napoli. Huko, wapishi wa pizza, ambao sanaa yao UNESCO iliiorodhesha mwaka 2017 kuwa urithi wa binadamu, huoka kwa joto la karibu nyuzi 450, na pizza huiva kwa dakika moja au moja na nusu.

Waitaliano nao hawakuwa mbali. Mwaka 1925 Uingereza iliwakabidhi eneo la Juba pamoja na Kismayu, lililokuwa sehemu ya Kenya. Kutoka upande ule ikaja baasto, tambi ambazo leo ni chakula cha kawaida Garissa, Wajir na Mandera, zikiliwa kwa mkono na ndizi mbivu pembeni. Kwa nini tambi zilivuka mpaka, pizza ikabaki? Mwandishi ana jibu lake, na jibu lenyewe liko kwenye lori. Tambi ni kavu. Zinafungwa kwenye katoni, zinasafiri wiki nzima juani, zinapikwa kwa sufuria moja juu ya mafiga. Pizza inadai jibini, na jibini inadai friji. Maziwa ya ngamia yalijaa sokoni, lakini hayagandi kwa urahisi kuwa jibini, kwa sababu protini inayoshikamanisha maziwa, kapa-kaseini, ni haba ndani yake. Wafugaji wakawa mabingwa wa susa, maziwa yaliyochachuliwa kwenye vibuyu vilivyofukizwa moshi, na wa samli. Jibini haikuwa na kazi kwao.

Kwa hiyo mwandishi alikua bila kuijua pizza. Aliionja mara ya kwanza Nairobi, akiwa mwanafunzi, kipande kimoja kilichopoa ambacho hakikumshtua wala kumfurahisha. Lililomjia kichwani lilikuwa muufo ya Ayeeyo.

Mambo yaligeuka mwaka 2020. Shule zilifungwa katikati ya Machi kwa sababu ya korona, na tarehe 27 Machi kafyu ikaanza nchi nzima, kuanzia saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Ramadhani ikaingia mwishoni mwa Aprili. Kwa majira ya Garissa, adhana ya magharibi ilikuwa ikiitwa nusu saa na dakika chache tu kabla ya kafyu. Nani angetoka kwenda kununua sambusa? Kila nyumba ikajipikia. Katika nyumba ya dada yake mwandishi, aliyeolewa huko huko, mabinti wawili waliokosa shule walishika simu moja, wakatazama video za mapishi mpaka bando likaisha, wakatangaza kwamba futari ya kesho ni pizza.

Ya kwanza ilikuwa balaa. Video ilisema unga ulioumuliwa uwekwe mahali penye joto kwa saa moja na nusu. Aliyerekodi video ile hajawahi kuishi Garissa, ambako zebaki hupita nyuzi 35 bila kuombwa. Nusu saa haikuisha, unga ulikuwa umefurika bakuli na unanuka kama pombe. Wakauoka hivyo hivyo kwenye sufuria juu ya jiko la makaa. Chini ukawa mkaa, juu jibini imekaa kama ilivyowekwa, nyeupe, haijatikisika.

Bibi yao, yule mama wa Lamu, alikuwa amekaa kwenye mkeka akitazama. Akauliza swali moja: "Nyinyi hamjui kupalia?"

Kupalia ni kuweka makaa ya moto juu ya kifuniko, ili chakula kipate joto juu na chini. Ndivyo wali wa nazi ulivyokaushwa pwani tangu zamani. Siku iliyofuata bibi mwenyewe alisimamia. Sufuria kubwa ilitandazwa mchanga kiasi cha vidole viwili, ikafunikwa na kupashwa dakika kumi na tano. Sinia ya bati yenye unga ikaingizwa, ikakalia mchanga. Kifuniko bapa kikarudishwa, na makaa mengi yakapaliwa juu yake, huku ya chini yakipunguzwa mpaka yakabaki machache. Hamira walitia nusu, na maji waliyokandia yalitoka kwenye mtungi wa udongo, baridi. Baada ya robo saa mmoja wa mabinti akafunua kwa pupa, na majivu yakamwagika juu ya jibini. Wakayapeperusha, wakala. Kingo zilikuwa zimepanda na kushika madoadoa ya kahawia, kama muufo iliyobanduliwa ukutani.

Juu yake kulikuwa na nini? Nyanya (za kula, si Ayeeyo) na vitunguu vya mashamba ya kando ya Tana, pilipili hoho, na nyirinyiri, ile nyama ya ngamia iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa, ikahifadhiwa ndani ya mafuta yake. Nyirinyiri ina masharti. Isipochujwa mafuta, unga unalowa. Ikiwekwa juu ya jibini, inaungua na kuwa changarawe. Mahali pake ni chini ya jibini. Basbaas, pilipili ya kusaga yenye ndimu, inakuja mezani baadaye. Mwandishi amekula pizza za hoteli tangu siku hiyo, na hajaona nyama iliyoifaa pizza kuliko hii.

Mtu atasema hiyo si pizza. Huko Forodhani, Unguja, wanauza kitu kinachofanana na chapati iliyokunjwa na kujazwa nyama na yai, kikakaangwa kwenye chuma, wanakiita Zanzibar pizza, na hakuna aliyewapeleka mahakamani.

Novemba 2023 mvua za El Niño zilirudisha mafuriko ya 1997. Tana ilivunja kingo, barabara ya Nairobi ikakatika karibu na Mororo, watu wakavushwa kwa maboti, na jibini ikatoweka madukani. Mabinti, sasa wapishi waliokomaa, hawakusitisha. Walipaka unga rojo ya nyanya na vitunguu saumu, wakanyunyizia samli, wakapalia. Walidhani wanajinyima. Kumbe Napoli kuna pizza ya jadi iitwayo marinara, ya nyanya, vitunguu saumu, oregano na mafuta, na haina jibini hata chembe.

Tinaar ya Ayeeyo haipo tena. Mwenyewe alifariki, na uani pamejengwa vyumba vya kupangisha. Dada yake mwandishi amenunua jiko la gesi lenye oveni, lakini ndani ya oveni mna sufuria zilizopangwa kwa ukubwa, kwa kuwa mtungi wa gesi ukitumika kuokea haumalizi mwezi. Pizza bado inapaliwa kwa makaa ya mti wa mathenge. Atakayejaribu kwake, hasa kwenye miji ya joto, atie nusu ya hamira anayoambiwa, na aondoe makaa yote na kukipangusa kifuniko kabla ya kufunua.