Chura wa Umeme Abaki Kambini

Williams, Arizona, ni mji mdogo wa Marekani kwenye ile Barabara ya 66 maarufu. Familia zinazosafiri kwa nyumba za magurudumu hupumzika hapa kabla ya kwenda kaskazini, kilomita 100 hivi, kutazama bonde la Grand Canyon. Nyingi hukokota gari dogo nyuma, magurudumu yote manne yakiwa chini. Wenyewe huliita chura, kwa sababu kwa Kiingereza "linalokokotwa" na "chura" hutamkwa sawa. Lina kazi yake: ukishaegesha nyumba ya mita kumi, huing'oi tena kwa ajili ya pakiti ya maziwa.

Familia moja ilifika hapo na gari jipya la umeme. Kutoka Phoenix mama alikuwa akiliendesha peke yake nyuma ya nyumba, na usingizi ulishaanza kumnyemelea. Baba akatoa chuma cha kuvutia. Kijana mdogo akaomba akae ndani ya chura. Akakatazwa: gari linalokokotwa halipakii mtu, hata alie vipi.

Mama akafungua kitabu cha gari. Kilikataza kulivuta magurudumu yakiwa chini.

Gari la petroli la gia za mkono, ukitoa gia, magurudumu huachana na injini. Mengi ya umeme hayako hivyo. Mota imeungana na magurudumu muda wote. Likikokotwa, mota huzunguka na kuzalisha umeme wakati gari limezimwa na halijipozi. Inaweza kuungua, na dhamana ya kiwanda ikapotea. Baba alikuwa amedhani ni chaji ya bure!

Likabaki tela la kulibeba zima. Gari kilo 1,800, tela 700, jumla 2,500. Ndoano ya nyumba yao mwisho wake kilo 2,268. Hesabu ikagoma.

Kumrudisha mama kwenye usukani na usingizi ule hakukuwa jambo la kujadili. Wakalala Williams. Kwa ruhusa ya mwenye kambi, gari likachomekwa kwenye soketi ya kiwanja chao.

Asubuhi wakakumbuka reli. Treni ya kutoka Williams hadi ukingo wa kusini wa bonde ilianza mwaka 1901, ikasimama, ikarudi 1989. Safari ni saa mbili na robo hivi, na kule juu kuna mabasi ya bure. Watoto wakagombania dirisha. Mama akasinzia kabla mji haujaisha.