Mtsunga Niliouita Gugu

Kosa langu nililitenda kwa kalamu nyekundu. Nilikuwa nasahihisha mitihani ya kilimo katika chuo ninachofundisha huku Kilifi. Swali lilitaka magugu matano ya shamba la mahindi na namna ya kuyaangamiza. Msichana mmoja wa Kigiriama, mzaliwa wa pande za Ganze, aliandika manne, kisha akaongeza: "Mtsunga si gugu, kwetu ni mboga." Nikaukata mstari huo na kumnyima alama. Alinifuata ofisini, karatasi mkononi. "Mwalimu, mtsunga nimelelewa nao." Nikamwambia mtihani haukuuliza alichopikiwa na nyanyake. Akasema asante, akatoka.

Jibu langu lile linanichoma hadi leo, kwa sababu mimi mwenyewe nimezaliwa Malindi na mtsunga nimeula. Huchumwa ungali mchanga, ukachanganywa na mchicha au majani ya kunde kupunguza ukali, ukatiwa tui la nazi, ukateremshwa na wari, yaani ugali. Ni kweli mizizi yake hutambaa ardhini, na ukiukata kwa jembe huchipua tena, ndiyo maana vitabu vya kilimo huuchukia. Basi jioni nilikuwa nikiula, asubuhi nikifundisha jinsi ya kuumaliza, wala sikuona tatizo.

Nililiona Magarini, nilipokwenda kuwakagua wanafunzi waliokuwa kwenye mazoezi. Tuliingia boma moja lenye shamba la kupendeza: mahindi yamenyooka mistari, chini udongo mtupu. Nililisifu kwa sauti. Mhudumu wa afya ya jamii alikuwa hapo akipima watoto. Alizungusha utepe kwenye mkono wa mtoto wa mwaka mmoja na nusu, akauvuta taratibu, ukasimama kwenye rangi ya manjano, chini ya sentimita 12 na nusu, dalili ya utapiamlo. Nikamuuliza mamake jana walikula nini. Wari na chai ya mkandaa, isiyo na maziwa. Na mboga je? Akalitazama shamba. "Mboga twaing'oa, mwalimu. Mabwana shamba walituambia shamba liwe safi."

Mabwana shamba hao tuliwafunza sisi.

Sidai kwamba mtsunga peke yake ungemnenepesha mtoto yule. Utapiamlo huletwa na mengi: ukame, maji machafu, kuhara kusikoisha, mifuko mitupu. Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta watoto 37 katika kila 100 walio chini ya miaka 5 Kilifi wamedumaa, kiwango kilichopita cha kaunti nyingine zote, wakati nchi nzima ni 18. Takwimu hizo nilizijua. Niliziona ni za watu wa hospitali. Zangu zilikuwa magunia kwa ekari. Kwa watu wa hospitali nako, muuguzi mwanafunzi alikuwa akikariri vitamini A na madini ya chuma bila kuonyeshwa ni jani lipi lenye vitu hivyo nyuma ya zahanati atakayopelekwa. Kwa hivyo mama yuleyule aliambiwa kliniki ampe mtoto mboga za majani, na akirudi nyumbani anamkuta mwanafunzi wangu akimfundisha kuzing'oa. Nani kati yetu angemsikiza?

Hata nazi niliidharau, nikiiita anasa. Kumbe mwili huhitaji mafuta ili kuipata vitamini A iliyo kwenye majani, na mafuta hayo ndiyo tui lile. Akina mama walikuwa wakipika sawasawa siku zote.

Sasa darasa langu la lishe halianzi ubaoni. Nawachukua wanafunzi wa kilimo, nawaomba walimu wa uuguzi waniletee wao, tunaingia shambani nyuma ya mama mmoja mzee, naye anachuma, anataja majina, anawaonjesha. Mimi hunyamaza. Palizi bado nafundisha, kwani mahindi yakisongwa hayazai. Ila tunachuma kwanza, na tunaacha kipande pembeni.

Swali la mtihani nalo nimeligeuza: taja mimea mitano inayojiotea kwenye mahindi, eleza ipi huliwa, huchumwa lini na hupikwaje.

Msichana yule sijampata. Namba ya simu niliyokuwa nayo haipatikani tena. Alama yake moja bado iko kwangu.