Ugali Wetu Ulivyogeuka Rangi

Wahenga walinena kuwa haba na haba hujaza kibaba. Wengi wetu tunaikariri methali hii kwa ajili ya mtihani tu, lakini mimi nimeiona ikifanya kazi jikoni kwetu Kitale.

Mwaka juzi baba alipimwa akapatikana na kisukari. Daktari alimpa tembe, kisha akamwonya aangalie sana anachokula. Hofu ikaingia nyumbani. Sisi ni watu wa Trans Nzoia, ghala la mahindi la Kenya. Kwetu chakula ni ugali mweupe wa unga wa pakiti, na asubuhi mkate na chai ya sukari tele. Mama alitaka vyote viondoke siku moja. Baba naye akasema, "Mkininyima ugali, heri nife nimeshiba."

Aliyeamua kesi hiyo ni kukhu, yaani nyanya yetu wa Chwele, Bungoma. Alikuja na matatu akiwa na gorogoro mbili za wimbi na moja ya mtama. Akamwambia baba, "Mwanangu, sikunyimi ugali. Nitaugeuza rangi tu, na utakula kidogo."

Basi mwezi wa kwanza tulipeleka mahindi yetu posho mili yasagwe bila kukobolewa. Mwezi wa pili tukatia gorogoro moja ya wimbi kwa tatu za mahindi. Mwezi wa tatu ikawa nusu kwa nusu. Sukari ya chai ikapungua kijiko kwa kijiko, hadi ikaisha. Mahali pa mkate pakaja kipande cha nduma. Nyuma ya nyumba tukapanda mrenda, saga, managu na kunde. Kukhu alitufundisha kupika mrenda kwa munyu, ule unaochujwa kutoka majivu ya maganda ya maharagwe. Ndugu yangu mdogo alilia eti ugali ni wa udongo, lakini njaa ilimfunza adabu!

Mwalimu wa bayolojia alinieleza siri yake. Punje ikikobolewa, pumba na kiini hutolewa, na humo ndimo mna nyuzinyuzi na vitamini nyingi. Nyuzinyuzi hufanya sukari iingie damuni pole pole. Tangu 2012 sheria inataka unga wa pakiti uongezwe vitamini na madini, lakini nyuzinyuzi hazirudishwi. Wimbi nao una kalsiamu kuliko mahindi, mchele na ngano. Na mboga tulizoziita za maskini, Profesa Mary Abukutsa-Onyango wa Chuo Kikuu cha Jomo Kenyatta amezitafiti miaka mingi, na mwaka wa 2010 Umoja wa Afrika ulimtuza. Tahadhari moja tu: mahindi yakauke kabisa kabla ya kusagwa, kwani kuvu ina sumu inayoua.

Je, baba amepona? La. Bado anameza tembe na kwenda kliniki. Lakini akipimwa sasa sukari haipandi kama zamani, na amerudi kulima shamba lake mwenyewe. Akiandaliwa ugali mweupe harusini, hunong'ona kuwa hauna ladha.

Kwa hivyo, wanachama wenzangu, kabla hamjaimwaga githeri ya shule, itazameni vizuri. Punje zile hazijakobolewa. Mnachokitupa ndicho kukhu alikibeba kutoka Chwele kuja kumwokoa mwanawe.