Mahali pa Kufulia

Neno kufua nimelifundisha kwa miaka mingi. Huwaambia wanafunzi wangu kuwa nazi hufuliwa, chuma hufuliwa na nguo hufuliwa, na kwamba katika kazi zote tatu mna nguvu za mkono. Neno nililijua, kazi yenyewe sikuijua, kwa sababu tangu utoto nguo zangu zilifuliwa na mama.

Nyumba yetu iko Mji Mkongwe, Unguja. Mama alikuwa akifua uani, kisha hupanda ngazi na beseni la nguo mbichi mpaka juu ya paa kuanika. Mwaka jana aliteleza ngazini. Mungu alimsitiri, mfupa haukuvunjika, lakini usiku ule sikupata usingizi. Kulipokucha niliazimu kuweka mashine ya kufulia katika bafu la ghorofani, hatua chache kutoka kwenye kamba zake.

Nilichora ramani kwa kalamu na rula. Mashine ilikuwa na upana wa sentimita 60 na uzito wa kilo 65. Bomba la maji safi hapa, la maji machafu pale. Niliifurahia kama mtunzi afurahiavyo shairi lake la kwanza, na kama mtunzi huyo, sikuona kosa hata moja.

Fundi alipokuja hakuitazama sana. Alishuka chumba cha chini, akachomeka msumari katika boriti ya dari. Msumari ulizama kama kidole katika papai bivu.

"Mwalimu," akasema, "nyumba hizi ni mawe ya matumbawe, chokaa na boriti za mikoko. Maji yakijificha ndani yake huzila kama mchwa."

Bafu lile lilikuwa likivuja siku nyingi, na saruji niliyoipaka zamani ili kuzuia unyevu ilikuwa imeufungia ndani ya ukuta. Chini ya boriti ile palikuwa na kitanda cha mpwa wangu. Nilikumbuka tarehe 25 Desemba 2020, siku sehemu ya Beit al-Ajaib ilipoporomoka na watu wawili wakafa. Sikulinganisha sababu, nililinganisha majuto.

Tukaandika ramani ya pili. Boriti mbovu zibadilishwe. Saruji ibanduliwe na chokaa ipakwe. Mashine ikae kando, karibu na ukuta unaobeba vichwa vya boriti, si katikati ya chumba. Sakafu iinamie tundu la maji. Mabomba yapite nje ya ukuta ili uvujaji uonekane siku ya kwanza. Swichi ya umeme iwe mbali na maji.

Nikampelekea Mama kwa fahari. Alisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Mwanangu, umepima mashine, umepima ukuta, mimi hukunipima. Mgongo huu utainama mpaka wapi? Na kanga mpya zinazochuja rangi nitazifulia wapi?"

Niliona haya. Mtu aliyefua katika nyumba ile zaidi ya miaka 40 alikuwa hajaulizwa swali hata moja. Ndipo aliponieleza kuwa kufua si kazi moja: kuna kuchambua, kuroweka, kufikicha, kusuuza, kukamua, kuanika na kukunja, na kila moja hutaka mahali pake. Basi mashine ikainuliwa juu ya kitako cha mbao kwa kimo cha mkono wake. Kando yake pakawekwa karo dogo la kanga, na juu ufito wa kuanikia siku za masika.

Anayepanga mahali pa kazi na aulize kwanza mambo mawili: ni nini kilicho chini ya miguu yake, na ni nani atakayeifanya kazi hiyo. Mimi nilichelewa kuuliza yote mawili. Siku hizi, kila Jumamosi, nguo zangu hufua mwenyewe, na neno lile nalifundisha kwa unyenyekevu kuliko zamani.