Kabla Hujaingia Rufiji

Mtaa wa Narung'ombe,
Kariakoo,
Dar es Salaam.

Mpwa wangu Idrisa,

 

Mama yako ameniambia kuwa wewe na wenzako mnataka kushuka Rufiji kwa kayaki, kutoka Mloka mpaka Nyamisati, mkilala njiani. Ameniomba nikukataze. Sitakukataza, lakini nataka unisikilize, maana mimi na mama yako tumekulia Utete na mto ule tunaujua.

Naanza na zito. Hendri Coetzee, raia wa Afrika Kusini aliyeweka makazi Jinja, Uganda, mwaka 2004 aliongoza msafara ulioteremka Nile mpaka Bahari ya Mediterania. Desemba 2010 alikuwa na Wamarekani wawili kwenye Mto Lukuga, ule unaotoa maji ya Ziwa Tanganyika kuyapeleka Kongo. Walikuwa wakipiga kasia karibu karibu, wakijua fika kuwa pale pana mamba. Mamba akaja kwa nyuma, akamvuta, na mwili wake haukuonekana tena. Alikuwa na miaka 35. Hakufa kwenye maporomoko, na hakufa kwa kukosa ujuzi. Watu wazoefu walikuwa ubavuni mwake na hawakuweza lolote. Kayaki inakukalisha usawa wa maji, Idrisa, na Rufiji ina mamba wengi. Mkono usining'inie majini, msioge mtoni, msipige kambi ukingoni, na maji ya kupikia yachotwe kwa ndoo ya kamba.

Kiboko naye ana tabia yake. Mchana hukaa kwenye kina, na akishtuka hukimbilia kwenye kina. Ukijiweka kati yake na kina, umemfungia njia. Wavuvi wetu hugonga ubavu wa mtumbwi kwa kasia wanapokaribia kona ili asikie mapema, kisha hupita upande wa maji machache. Ndiyo maana nasema mchukue mvuvi wa kule na mtumbwi wake, atangulie. Mlipeni vizuri. Mchanga wa Rufiji huhama kila msimu, na ramani ya kwenye simu haijui fungu lililozaliwa mwaka huu.

Halafu kuna bwawa. Tangu Desemba 2022, Bwawa la Julius Nyerere lilipoanza kujazwa, mto wa chini si ule wa ujana wetu. Kituo chake cha umeme ni cha megawati 2,115, na kiasi cha maji yanayoshuka sasa kinategemea pia mitambo na milango ya bwawa. Jua linaweza kuwa linawaka Mloka na maji yakapanda. Mwaka 2024 mafuriko yalizamisha mashamba na nyumba Rufiji na Kibiti, na ndugu zetu walihama na watoto mgongoni. Kwa hiyo msiende wakati wa masika, na kila asubuhi ulizeni kijijini maji yamelalaje. Jioni, hema likae juu kabisa ya alama ya maji ya jana.

Vifaa msinunue bila mimi. Majaketi okozi yanayoning'inia barabarani hapa yana rangi nzuri ya machungwa na mikanda inayong'aa. Mwezi uliopita nilifungua mshono wa moja nililoletewa dukani kwangu: ndani mlikuwa na sponji, ile ile ya mito ya makochi. Sponji inakunywa maji. Nilimrudishia aliyeleta, na nilimwambia wazi kuwa anauza vifo. Jaketi lenu tutalijaribu Kigamboni, mtu akiwa amelivaa, robo saa nzima majini. Hapo hapo kila mmoja ajifunze kutoka kwenye kayaki iliyopinduka. Asiyeweza abaki nchi kavu, hata kama ndiye aliyechanga pesa nyingi.

Sasa nikwambie kwa nini sikukatazi. Kwa basi, Rufiji ni Daraja la Mkapa, dakika mbili tu, kisha unasinzia mpaka Lindi. Kwa kasia utaona keremkerem wakiingia na kutoka kwenye matundu ya kingo za mchanga, mamia kwa mamia. Utaona madungu yamesimama kwenye miguu yao mirefu katikati ya mashamba, na wazee wakipanda mlau kwenye tope ambalo maji yameliacha juzi. Mafuriko yale yale yanayobomoa ndiyo yanayorutubisha, na mtu hulielewa jambo hilo akilala nao siku mbili tatu na kula wali wao. Vijana wa mjini mnazungumzia bwawa kama umeme tu. Nataka uyasikie ya bwawa kutoka kwa mwenye shamba la chini yake, kwa sababu siku moja utakuwa ofisini ukiamua mambo ya watu hawa.

Kwenye delta, kati ya mikoko, mwenye amri ni bahari. Panga kushuka na maji kupwa. Yakijaa yatakurudisha ulikotoka, na upepo wa kusi wa mchana utasaidiana nayo. Siku za bamvua mkondo unakuwa mkali zaidi, kwa hiyo chagueni maji mafu. Na vijito vinafanana: bila mwenyeji mtazunguka mpaka usiku, na usiku hakuna kusafiri.

Kila kijiji mtakacholala, ripotini kwanza kwa mwenyekiti. Utete shukieni kwa babu yako mdogo, nimeshampigia.

Mwambie mama yako mwenyewe, uso kwa uso, kila kitu. Kisha niletee dukani karatasi yenye majina ya wenzako wote na namba za simu za nyumbani kwao. Bila karatasi hiyo sitoi hata shilingi ya safari.

Mjomba wako.